Picha Ndogo ya Mshabiki na Amana Iliyomo



Kijana mmoja wa kidato cha pili ametuletea barua akitutaka tumwonyeshe njia ya kutengeneza zile picha ndogo ambazo wapenzi wa timu, wa hadithi na wa mambo mengineyo huziweka mbele ya majina yao katika simu na kompyuta, ili wajulikane wako upande gani. Asema wenzake wanazo nzuri, lakini kila akijaribu yeye, picha hutoka imefifia, au kichwa kimekatika, au maandishi hayasomeki. Mwisho wa barua ameongeza neno moja: baba yake huuona mchezo huu kuwa ni kupoteza wakati, je, sisi twaonaje?

Tumeona ni kheri tuwajibu wote wawili pamoja, mwana na baba, kwani kila mmoja ana haki yake. Mwana ana haki ya kufundishwa kazi ya mikono aipendayo, maadamu ni ya halali. Baba naye ana haki ya kujua ni chombo gani hicho alichokishika mwanawe. Basi tutaanza na kazi yenyewe, kisha tutaeleza jambo lililotokea katika jamaa zetu wenyewe, na hapo msomaji atajua kwa nini tumeyafunga mambo mawili haya katika ukurasa mmoja.

KWA NINI PICHA HUFIFIA

Desturi ya picha hizi si ya jana. Mwaka 1999 ilianzishwa huko Marekani LiveJournal, mahali pa watu kuandikiana katika intaneti, na kila mwandishi aliweza kuweka picha ndogo kando ya maneno yake. Picha hiyo haikuruhusiwa kuzidi pikseli 100 kwa upana na pikseli 100 kwa urefu. Pikseli ni nukta moja ya rangi. Picha yoyote uionayo katika kioo cha simu ni nukta kama hizo zilizopangwa safu kwa safu, mfano wa mkeka uliosukwa kwa chane za rangi mbali mbali. Mia mara mia ni nukta 10,000, na katika uwanja huo mdogo vijana wa miaka ile walishindana kwa ustadi, wengi wao bila ya mwalimu, ila kuelekezana wao kwa wao.

Sasa linganisha. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu ina nukta 12,000,000. Ukiitia nzima katika uwanja wa nukta 10,000, nukta 1,200 zitasongamana ziwe moja. Hapo macho, midomo, majina ya fulana, na umati wa watu uwanjani, vyote huwa ukungu. Hii ndiyo sababu picha ya kijana wetu hufifia, wala si ubovu wa simu yake.

Dawa yake ni kukata kwanza na kupunguza baadaye. Chagua kitu kimoja tu, wala si viwili, kisha kata vyote vilivyokizunguka, ndipo upunguze ukubwa. Anayetaka kuonyesha timu nzima, kombe, bendera na maneno kumi katika picha ya ukubwa wa ukucha, haonyeshi chochote.

CHOMBO NA KANUNI ZAKE

Programu iliyo mashuhuri kuliko zote katika kazi hii ni Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, nayo hulipiwa. Asiye na fedha asihuzunike. Mwaka 1995 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, walianza kuunda programu iitwayo GIMP, na mwaka uliofuata wakaitoa kwa watu bure. Hata leo hutolewa bure, nayo yatosha kwa kila tutakalolitaja hapa. Tena ni bora kutumia cha bure kilicho halali kuliko kuiba kile cha kulipiwa.

Kanuni za kuanzia ni tatu.

Ya kwanza, usiguse asili. Kabla ya kufanya lolote, fanya nakala ya picha, kisha uifanyie kazi nakala. Asili ibaki mahali pake kama ilivyokuwa.

Ya pili, tumia matabaka. Chukulia una vipande vya kioo vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja: cha chini kina rangi, cha kati kina umbo, cha juu kina maandishi. Ukitazama kwa juu waona picha moja, lakini waweza kukitoa kipande kimoja bila ya kuharibu vingine. Hivyo ndivyo GIMP ifanyavyo. Kwa hiyo kila kitu kipe tabaka lake, na kazi ikiisha hifadhi mafaili mawili: moja la aina ya XCF, ambalo hutunza matabaka yote, na la pili la aina ya PNG, ambalo ndilo la kupeleka. Aina ya JPEG hufaa kwa picha za kamera, lakini hutupa baadhi ya khabari za picha kila inapohifadhiwa upya, na kingo za maandishi huchafuka. PNG haipotezi kitu.

Ya tatu, itazame kwa udogo wake. Unapofanya kazi, picha huwa kubwa mbele yako na kila kitu hupendeza. Kila baada ya muda ipunguze hadi ukubwa itakaoonekana kwa watu, kisha ujiulize kama yaeleweka.

ZOEZI LA KWANZA

Tarehe 10 Desemba 2022, huko Qatar, Moroko iliifunga Ureno bao 1 kwa 0, ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Furaha ya siku ile ilifika hata pwani yetu. Basi na tutengeneze picha ya mshabiki wa Moroko, ambayo haihitaji kukata uso wa mtu yeyote, kwani bendera ile ni uwanja mwekundu wenye nyota ya kijani ya pembe tano.

Fungua picha mpya ya pikseli 400 kwa 400. Ni vyema kuanza na kubwa kidogo kisha kupunguza, kwani kidogo hakikuziki bila ya kuharibika. Rangi katika kompyuta hutajwa kwa namba tatu, kila moja kuanzia 0 hadi 255: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Tabaka la chini lijaze namba 193, 39 na 45, upate wekundu unaokaribiana na wa bendera ile.

Juu yake weka tabaka jipya lisilo na rangi. Chagua brashi yenye upana wa nukta 20, na rangi ya namba 0, 98 na 51, ambayo ni kijani. Chini ya dirisha la GIMP utaona namba mbili zinazobadilika kila uendeshapo kipanya. Hizo zakuambia uko wapi, ya kwanza kwa upana na ya pili kwa urefu. Bonyeza mahali pa 200 na 80. Kisha shikilia kitufe cha Shift na ubonyeze 271 na 297. Mstari ulionyoka utajichora wenyewe. Endelea vivyo hivyo hadi 86 na 163, kisha 314 na 163, kisha 129 na 297, halafu urudi 200 na 80. Nyota imekamilika kwa mistari mitano. Siri yake ni kwamba pembe tano zimepangwa katika duara, nawe kila mara waruka moja.

Sasa ipunguze hadi 100 kwa 100 uitazame. Huenda ukaona kwamba kijani kilichokoza na nyekundu iliyokoza zinamezana, na wako watu ambao macho yao hayazipambanui kabisa rangi mbili hizo. Rejea kwenye picha kubwa. Baina ya matabaka mawili weka la tatu, na humo uchore nyota ile ile kwa rangi nyeupe, brashi ikiwa na upana wa nukta 28. Kijani kitakaa juu ya nyeupe, na ukingo mwembamba utazitenganisha rangi. Bendera yenyewe haina ukingo huo, lakini hapa twachora alama ya mshabiki, hatushoni bendera.

Jambo la mwisho: mahali pengi siku hizi huikata picha iwe duara, na pembe zake nne zikapotea. Kwa hiyo usiweke kitu cha maana pembeni. Na ukitaka maandishi, liwe neno moja fupi, la herufi nene.

Nyumba ambazo hazipendi picha za viumbe, kwani wanavyuoni wamekhitilafiana juu yake, zitaona kwamba zoezi hili halina uso ndani yake. Rangi, umbo na herufi zatosha. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi, na kila ayatazamaye huona ni uzuri kiasi gani uwezao kutolewa katika herufi peke yake.

MKASI NAO HUSEMA

Sasa nitaeleza lililotupata.

Mtoto wa dada yangu, wakati huo akiwa na miaka 14, alijifunza kazi hii mbele yangu. Picha yake ya kwanza aliikata katika ile iliyozagaa duniani mwezi wa Novemba 2022, baada ya Moroko kuifunga Ubelgiji, ambamo mchezaji Achraf Hakimi amekwenda jukwaani na mama yake akambusu. Alipomaliza akaniletea. Nikaona uso wa mchezaji peke yake, anatabasamu wala hujui kwa nini.

Nikamwuliza, "Mama yake yuko wapi?"

Akanijibu, "Mjomba, nafasi haikutosha."

Nilicheka, yakaisha. Sikumwambia kwamba mkasi nao husema, na kwamba akitolewa mtu mmoja katika picha, maana ya aliyebaki hubadilika. Leo naona kwamba pale ndipo palipokuwa pahala pa kumfundisha, nami nikapapita.

Binti ya kaka yangu ni mshabiki wa timu hasimu. Usiku mmoja timu ya kijana ilifungwa, na binti akamtania katika kundi la simu la jamaa, kama watoto wataniavyo. Kijana akapandwa na hamaki. Katika simu ya mama yake mlikuwa na picha iliyopigwa ndani ya chumba cha wanawake usiku wa harusi, binti yuko wazi kichwa, amepambwa nywele. Akakikata kichwa kile. Akakiweka juu ya kiwiliwili cha mwanamke mwingine aliyemtoa katika intaneti, mwenye mavazi mafupi. Akamvisha fulana ya timu hasimu, akaandika juu yake neno la dhihaka, kisha akaiweka picha mbele ya jina lake yeye ili aonekane naye amejibu. Kazi yote ilimchukua dakika 20. Alidhani ni mzaha wa usiku mmoja.

Kabla ya asubuhi ilikuwa imetoka nje ya kundi la jamaa, na kabla ya adhuhuri imefika shuleni kwa binti.

Kaka yangu hajui kwamba picha hukatwa na kuungwa. Alichokijua ni uso wa mwanawe, na nywele zile zile alizoziona kwake usiku wa harusi. Binti akasema, "Baba, wallahi si mimi." Hakumjibu. Siku tatu hakusema naye, wala binti hakwenda shule, wala hakula pamoja na watu.

Siku ya nne mama yetu akatuita sote nyumbani kwake. Kijana alikuwa amekaa pembeni kimya. Bibi yake alipoanza kulia ndipo akasimama akasema, "Bibi, nimeifanya mimi."

Kaka yangu akamwambia, "Wewe wamtetea tu. Picha naiona kwa macho yangu."

Basi kijana akaenda kuileta kompyuta yake. Nilikuwa nimemfundisha kutunza faili la matabaka, na alikuwa amelitunza. Akalifungua mbele ya mjomba wake. Akaliondoa tabaka la maandishi, kisha la fulana, na kilipobaki kichwa peke yake katika uwanja mtupu watu wote walinyamaza. Akakiondoa nacho, akakionyesha kiwiliwili cha mwanamke asiyejulikana na mtu yeyote pale. Mwisho akaifungua asili, picha ya harusi, binti amekaa baina ya shangazi zake.

Kaka yangu alitazama kwa muda mrefu. Akataka aonyeshwa tena tangu mwanzo. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwa binti yake, na alilomwambia huko hatukulisikia.

Kijana aliomba radhi kwa binti na kwa wazee wake, kisha akaandika katika kila kundi alilolijua kwamba picha ile ni ya uwongo na mtungaji ni yeye. Hiyo ilikuwa adabu yake, nayo haikuwa nyepesi. Walakini picha haikurudi. Miezi mingi baadaye mtu alimwonyesha binti yule picha ile ile, naye mtu huyo hakuwa amepata khabari ya radhi wala ya matabaka. Jambo la dakika 20 halijaisha mpaka leo.

MASWALI MATATU

Enyi vijana, mkasi wa kukatia nyota ya Moroko na mkasi wa kukatia kichwa cha binti ya watu ni mmoja. Kwa hiyo kila aanzaye kazi hii na ajiulize maswali matatu kabla ya kubonyeza kitufe cha kupeleka.

La kwanza: picha hii ni ya nani? Yuko aliyeipiga na yuko aliyemo ndani, na kila mmoja ana haki yake. Picha za magazeti na nembo za timu zina wenyewe. Kuitumia moja kwa mapenzi ya timu yako si sawa na kuichapa juu ya fulana ukauza, ijapokuwa hata katika mapenzi ni adabu kumtaja aliyeipiga. Sheria nazo zipo: Kenya ina sheria ya kulinda khabari za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022.

La pili: mwenye uso huu akiiona picha hii mbele ya baba na mama yake, ataridhika? Ikiwa jawabu ni la, au ikiwa hujui, iache.

La tatu: atakayeiona, je, ataamini jambo ambalo halikuwa? Kuongeza mwanga na kukata ukingo si uwongo. Kumpeleka mtu mahali asipokwenda na kumvisha asichokivaa ni ushahidi wa uwongo, hata kama ulimi wako haukutamka neno.

KWA WAZEE

Na wewe mzee uliyesema kwamba ni kupoteza wakati, hatukulaumu. Muda mwingi hupotea mbele ya vioo hivi. Lakini twakuomba ukae na mwanao jioni moja akuonyeshe matabaka yake. Faida yake kwako ni kubwa kuliko kwake. Utajifunza kutazama picha za kuungwa: mwanga usoni hutoka kulia na kivuli cha mwili kimelala kulia pia, kingo za nywele zimekatika kama kwa kisu, uso una nukta laini na shingo ina nukta chafu.

Tena ujue kwamba ishara hizo hazitoshi siku hizi. Ziko programu za akili bandia ambazo huandikiwa sentensi moja tu zikatoa picha nzima isiyo na alama ya mkasi. Macho peke yake hayawezi tena kuwa kadhi. Katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na picha ni khabari. Basi ukiletewa picha ya mwanao yenye aibu, mwulize yeye kwanza, na umsikilize, kabla hujanyamaza siku tatu.

Ama wewe kijana uliyetuandikia, anza na nyota. Ikikamilika tuletee tuione, na faili la matabaka ulitunze, ili uwe fundi wa kazi ambayo waweza kuifungua tabaka kwa tabaka mbele ya yeyote bila ya kuona haya.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.